Samadi, mboji, mbolea ya dukani au mbolea ya kijani: ipi inafaa bustani ndogo ya mboga?

Mboga ni mazao ya haraka. Mchicha unavunwa ndani ya wiki chache, nyanya inaanza kuzaa ndani ya miezi mitatu hivi, na kwenye eneo dogo tuta halipumziki: zao hili likitoka, lingine linaingia. Kila mavuno yanaondoka na sehemu ya rutuba, na mkulima anabaki na swali lile lile kila msimu. Nirudishe nini? Samadi, mboji, mbolea ya chumvichumvi ya dukani, au nipande mbolea ya kijani, yaani mimea ya jamii ya mikunde kama marejea, niifukie?

Majibu mengi yanatolewa kishabiki. Wapo wasiotaka hata kusikia habari ya mbolea ya dukani, na wapo wanaoona samadi ni kazi ya kujichosha bure. Msimamo wangu ni kwamba udongo wa bustani una mahitaji mawili tofauti, na mbolea nyingi zinalaumiwa kwa sababu zimepewa kazi isiyo yao. Hitaji la kwanza ni kulisha mmea uliopo tutani sasa. La pili ni kuujenga udongo wenyewe: ushikamane vizuri, unywe maji na kuyatunza, uwe na uhai ndani yake. Mbolea ya dukani inafanya kazi ya kwanza kwa ustadi mkubwa, ya pili haiigusi moja kwa moja. Mboji ni kinyume chake. Samadi imesimama katikati, na ndiyo maana inapendwa sana na pia inatumiwa vibaya sana.

Kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kimekuwa kikilima ngano katika shamba liitwalo Broadbalk tangu 1843. Vipande vingine hupewa samadi kila mwaka, vingine mbolea za viwandani, na kipo kisichopewa chochote. Mavuno ya samadi na yale ya mbolea za viwandani yamekaribiana kwa miaka mingi, lakini kaboni, ambayo ni kipimo cha mabaki ya viumbe yanayojenga udongo, katika kipande cha samadi imefikia zaidi ya mara mbili ya ile ya kipande kisichopewa kitu. Ngano ilishiba pande zote mbili. Udongo ulineemeka upande mmoja.

Hesabu ya tuta moja

Chukua tuta la mita 10 kwa mita 1, lenye kabichi. Kabichi inakula sana naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, kwa hiyo tuseme inahitaji gramu 12 kwa kila mita ya mraba, yaani gramu 120 kwa tuta zima.

Urea, mbolea ya dukani, ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 260 zinatosha. Unazibeba kwenye kopo. CAN, mbolea nyingine ya dukani yenye asilimia 26 au 27, inahitajika kama gramu 450. Mbolea ya kuku iliyokauka huwa na asilimia 3 hivi ya naitrojeni na inaachia karibu nusu yake mapema, kwa hiyo utahitaji kilo 8. Samadi mbichi ya ng'ombe ina nusu asilimia tu, na msimu wa kwanza inaachia kiasi cha theluthi moja: hapo tunazungumzia zaidi ya kilo 70, toroli zima na zaidi. Mboji iliyoiva huachia naitrojeni yake taratibu zaidi, pengine sehemu moja ya kumi kwa msimu. Ukiitegemea peke yake utapita kilo 100 kwa tuta moja tu.

Hizi ni hesabu za makadirio, kwa sababu samadi ya mnyama aliyekula majani makavu si sawa na ya aliyekula pumba. Lakini tofauti zake ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea kidogo, picha haibadiliki. Kinachoonekana kwanza ni uzito, na kwa anayefanya kazi zote kwa mikono yake uzito ni jambo zito kweli. Kisichoonekana haraka ni fosforasi.

Kabichi inahitaji naitrojeni mara kadhaa kuliko fosforasi. Samadi haiji kwa uwiano huo; fosforasi yake ni nyingi ukiilinganisha na naitrojeni inayopatikana mapema. Kwa hiyo ukijaza samadi mpaka naitrojeni itoshe, fosforasi inazidi mahitaji mara kadhaa, na msimu ujao unaongeza nyingine juu yake. Haipotei kirahisi, inalimbikizwa. Ikizidi sana inauzuia mmea kupata zinki na chuma, na mvua ikisomba udongo huo inaipeleka mtoni na bwawani ambako inakuza mwani. Wanaopatwa na shida hii zaidi ni wale wakulima wenye bidii, wanaomwaga samadi nene kila msimu kwa miaka. Nalitaja kwa msisitizo kwa sababu anayefanya hivyo anaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba samadi haina kiasi cha kuzidi.

Kutokana na hesabu hiyo, uamuzi wangu wa kwanza ni huu: samadi na mboji ziwe msingi wa kiasi, tabaka la sentimita moja au mbili kwa mwaka juu ya tuta lililokwisha kujengeka, na naitrojeni inayopungua itoke kwenye chanzo chepesi. Chanzo hicho kinaweza kuwa CAN, mbolea ya kuku kidogo, au mimea ya jamii ya mikunde.

Mbolea ya dukani: haraka yake ndiyo faida na ndiyo hatari

Namba za kwenye mfuko zinasema kila kitu unachohitaji. DAP ni 18-46-0: naitrojeni asilimia 18, fosforasi inayohesabiwa kama oksaidi yake asilimia 46, potasiamu hakuna. Ni mbolea ya kupandia, kwa sababu mche mchanga unahitaji fosforasi karibu na mizizi. Urea na CAN ni za kukuzia. NPK ya 17-17-17 inagawa naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa, jambo linalorahisisha maisha ila linakulipisha fosforasi ambayo huenda udongo wako umejaa nayo tayari.

Ubora wake ni kwamba mmea wenye njaa unaitikia ndani ya siku chache. Samadi haiwezi hilo. Mchicha ukiwa manjano kuanzia majani ya chini, katikati ya msimu, mboji haitauokoa.

Ubaya wake unatokana zaidi na namna ya kuiweka. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu inageuka amonia na kupaa hewani. Ukiinama juu ya tuta unaweza kuisikia ile harufu kali puani. Ifukie sentimita chache, au mwagilia mara moja baada ya kuiweka. Usiichanganye na chokaa wala majivu, maana hapo unaifukuza kabisa. Naitrojeni katika umbo la naitreti nayo inateremka na maji ya mvua, hasa kwenye kichanga, kwa hiyo gawa kiasi chako mara mbili au tatu. Mbolea zenye amoniamu, urea ikiwamo, zinaongeza tindikali ya udongo kadiri miaka inavyokwenda. Na mmea ulioshibishwa naitrojeni kupita kiasi unatoa majani laini yenye utomvu mtamu kwa vidukari. Shamba lililo kijani cha kupindukia mara nyingi ndilo linaloanza kushambuliwa. Anayetafuta cheti cha kilimo hai hana mjadala hapa, urea na DAP haziruhusiwi.

Samadi: ulizia imetoka wapi

Samadi inalisha na inajenga kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwenye mboga, tofauti na mahindi, kuna suala la usalama wa mlaji. Samadi mbichi inaweza kuwa na vimelea kama salmonela na aina hatari za E. koli, na letasi au karoti huliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine ya chakula. Hata kama hulimi chini ya kanuni hizo, ni kipimo kizuri. Kwa mchicha au figiri, zinazovunwa kabla siku hizo hazijatimia, maana yake ni moja: samadi mbichi haifai kabisa, weka iliyoivishwa.

Mbegu za magugu ni tatizo la pili, na mnyama aliyelishwa nyasi zilizokomaa atakuletea nyingi.

La tatu halizungumzwi vya kutosha. Kuna viuagugu vya malishoni, aminopiralidi na klopiralidi, vinavyopita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika na kubaki kwenye samadi, hata kwenye mboji iliyotengenezwa na samadi hiyo. Nyasi hazidhuriki, ila nyanya, viazi na maharage yanaumia kwa kiasi kidogo mno: majani mapya yanajikunja kama kikombe na ncha zinasokoteka. Mkulima anadhani ni virusi. Jaribio lake ni rahisi. Changanya samadi na udongo nusu kwa nusu kwenye vikopo vitatu au vinne, jaza vikopo vingine udongo mtupu, panda maharage kote, na usubiri majani halisi yatoke, kama wiki tatu. Yakijikunja upande wa samadi tu, usiiingize bustanini.

Mbolea ya kuku ni kali kuliko zote. Ikigusa miche ikiwa mbichi inaiunguza. Iivishe kwanza na uipime kwa mkono mdogo.

Mboji: kazi ya mwanzo ni kubwa, hatari yake ni ndogo kuliko zote

Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha kujengea bustani mpya, ningechagua mboji. Inashikamanisha kichanga, inalegeza mfinyanzi, inatunza maji, na mche unaweza kupandwa ndani yake siku hiyo hiyo bila kuungua. Haina haraka, na kwa ujenzi haraka haihitajiki.

Mchanganyiko unaoiva vizuri una kaboni kama mara 25 hadi 40 ya naitrojeni. Kwa vitendo: vikavu kama majani makavu na mabua viwe vingi kuliko vibichi, na samadi au majani mabichi yawe kichocheo. Unyevu wake uwe hivi: ukikamua konzi moja kwa nguvu, tone moja au mawili yatoke kati ya vidole, yasitiririke. Rundo liwe na ukubwa wa mita moja kila upande au zaidi, la sivyo halitapata joto. Joto ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea, na kiwango chake ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi. Kanuni zile zile za Marekani zinataka rundo la wazi likae kwenye nyuzi 55 hadi 77 kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara tano. Usipokuwa na kipimajoto, choma nondo katikati ya rundo, iache kwa dakika kumi kisha ichomoe. Ikikushinda kuishika, kazi inaendelea. Ikitoka baridi na rundo bado bichi, ama maji yamepungua au vibichi havikutosha.

Usiamue kuiva kwake kwa rangi. Rundo linaweza kuwa jeusi na bado halijatulia. Funga konzi mbili zenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, uache siku tatu, kisha uufungue: ikinuka uvundo au amonia, iache iendelee. Mboji mbichi, sawa na maranda au mabua yaliyofukiwa makavu, hufanya vijidudu vinyang'anye naitrojeni ya mmea, na mkulima anashangaa kuona mimea imedumaa kwenye tuta aliloliwekea vitu vingi.

Mabaki ya mimea yenye mnyauko au minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi) usiyaweke kwenye rundo usilo na hakika na joto lake.

Mbolea ya kijani

Marejea yaliyostawi yanaweza kuupa udongo zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta ndani ya miezi miwili au mitatu, bila toroli hata moja. Kunde na fiwi nazo zinafaa. Yanakatwa yanapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa gumu, na unasubiri wiki mbili au tatu baada ya kufukia ndipo upande. Gharama yake ni nafasi: tuta liko nje ya mauzo kwa miezi kadhaa. Mwenye matuta manne na familia ya kulisha hawezi kulifumbia macho hilo. Mwenye sehemu inayokaa wazi wakati fulani wa mwaka hana sababu ya kuiacha uchi.

Ugonjwa: dawa au udongo?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea, kwa sababu dawa inanunuliwa kabla mmea haujang'olewa kuangaliwa.

Nyanya imenyauka ghafla ikiwa bado kijani, na udongo una maji. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Ng'oa mmea na mizizi yake, usihamishe udongo huo kwa jembe wala viatu, na usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo pale kwa miaka kadhaa.

Mmea umedumaa, unalegea mchana na kupata nafuu jioni. Ung'oe, uoshe mizizi. Vinundu vya minyoo fundo vimevimba ndani ya mzizi wenyewe na havibanduki. Usivichanganye na vile vya bakteria rafiki kwenye maharage na kunde, ambavyo vimeshikamana kando ya mzizi, vinabanduka kwa kidole, na ukivipasua ndani ni vyekundu hafifu. Dhidi ya minyoo hii, marejea yana faida ya pili, maana minyoo haizaliani vizuri kwenye mizizi yake. Kuna pia njia ya jua: lowesha tuta, ulifunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, uache wiki nne hadi sita za kipindi cha joto kali. Kwenye eneo dogo naipendelea njia hii kuliko sumu ya udongo, ambayo ni hatari kwa anayeiweka na inaua hata visivyokusudiwa.

Nyanya zinaoza kitako, doa jeusi lililobonyea. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi, na mara nyingi kalisi ipo udongoni ila maji yalikuja kwa vipindi visivyoeleweka. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10 na umwagiliaji wa mpangilio vinafanya kazi kuliko chupa yoyote.

Ugonjwa unaovimbisha mizizi ya kabichi kama rungu unapenda udongo wenye tindikali. Chokaa ya kupandisha pH (kipimo cha tindikali, ambapo namba ndogo ni tindikali zaidi) hadi karibu 7.2 inaupunguza ugonjwa huo, ingawa vimelea vyake vinaweza kukaa udongoni hata miaka 20. Viazi mviringo ni kinyume: ukoko wa viazi unazidi pH inapopanda. Kwa hiyo usimwage chokaa bustani nzima bila kupima. Mboga nyingi zinaridhika kati ya pH 6.0 na 7.0. Ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu inadhuru mizizi na fosforasi inafungwa, kiasi kwamba hata DAP unayonunua haimfikii mlaji wake. Hapo chokaa inatangulia mbolea yoyote, na inahitaji miezi ili ifanye kazi.

Dawa ina nafasi yake, sikatai. Bakajani chelewa kwenye nyanya wakati wa mvua na baridi haisubiri mboji ijenge udongo. Kiuakuvu kinachopuliziwa kwa wakati kinaokoa shamba. Kwa viwavi, dawa ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis haidhuru nyuki, na inafanya kazi vyema viwavi wakiwa wadogo. Badilisha kundi la dawa ili usugu usijengeke, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Shaba, inayoruhusiwa hata katika kilimo hai, haiozi na inabaki udongoni, kwa hiyo nayo isiwe ya kila wiki.

Kwa hiyo uchague nini?

Ukiwa na eneo jipya, gumu au la kichanga: mboji nyingi mwaka wa kwanza, na mbolea ya dukani kwa kiasi ili mazao yasife njaa wakati udongo unajengeka. Ukiwa na bustani iliyopewa samadi miaka mingi: pima udongo, acha DAP na NPK, weka naitrojeni peke yake au pitisha kunde. Ukiwa na mifugo nyumbani, ivishe samadi yako; hakuna kitu cha kununua kitakachoishinda kwa thamani. Ukiwa huna mifugo wala nguvu za kubeba, mbolea ya kuku iliyoiva pamoja na matandazo ndiyo njia nyepesi. Ukiwa na minyoo fundo, marejea kwanza, mjadala wa mbolea baadaye.

Na uchaguzi wowote utakaoufanya, tuta moja liache bila kile ulichoongeza, lenye zao lile lile, lililopandwa siku ile ile na kumwagiliwa sawa. Pima mavuno yake kwa mizani, uandike. Majani yakiwa kijani zaidi upande mmoja lakini kilo zikawa sawa, umejua cha kupunguza msimu ujao.